Jina kubwa, mfuko mtupu: Anguko la pikipiki za Norton lina somo kwa mkulima wa Kyela

Na Mwandishi Wetu

UKITEREMKA kutoka Tukuyu na kuingia Kyela mjini, wa kwanza kukupokea stendi ni vijana wa bodaboda. Pikipiki zao nyingi ni za kutoka India, Boxer za kampuni ya Bajaj na zile za TVS. Hizi ndizo zinazotoa magunia ya kakao vijijini, zinazopeleka mchele mpakani Kasumulu na zinazomkimbiza mgonjwa hospitali usiku wa mvua, wakati barabara za vijijini zimejaa tope.

Wengi wa vijana hao huenda hawajui kwamba Aprili 2020 kampuni ya TVS Motor ilitoa paundi milioni 16 za Uingereza, karibu Sh46 bilioni kwa viwango vya wakati ule, ikanunua jina, michoro na mali za kiwanda cha Norton. Norton ni miongoni mwa majina ya zamani kabisa ya pikipiki nchini Uingereza. Kampuni inayotuuzia bodaboda ikawa imeokota jina la kifahari la nchi iliyowahi kutawala India na Tanganyika pia.

Lakini makala haya hayahusu fahari ya India. Yanahusu watu waliobaki nje ya mlango siku ile jina lilipouzwa: wateja waliolipia pikipiki wasizozipata, waliouza vipuri kwa mkopo, na watu 227 waliokuwa wameweka humo akiba ya uzee wao. Yaliyowapata yanaweza kumpata mkulima wa kakao wa Ngonga au mwenye duka la pembejeo pale Kyela mjini. Ndiyo maana tunayasimulia katika kurasa hizi za kilimo na biashara.

Jina lililofufuliwa

Norton ilianzishwa mwaka 1898 na James Lansdowne Norton katika mji wa Birmingham. Mwaka 1907 pikipiki yenye jina lake ilishinda katika mashindano ya kwanza ya TT ya kisiwa cha Man, na tangu hapo jina likaenda na sifa ya mwendo kasi. Katika Vita Kuu ya Pili kiwanda kilitengenezea jeshi la Uingereza karibu pikipiki 100,000.

Baada ya vita mambo yakageuka. Kampuni mama iliyoimiliki Norton ilianguka mwaka 1966. Katika miaka ya 1970 viwanda vya Uingereza vilizidiwa na pikipiki za Kijapani, ambazo zilikuwa zinawaka kwa kubonyeza kitufe, hazivuji oili na bei yake ni nafuu. Serikali ya Uingereza ilisaidia kuunganisha Norton na Triumph mwaka 1973, lakini muungano huo nao haukudumu. Kutoka hapo jina la Norton likawa linauzwa na kununuliwa, mara huku mara kule, pasipo kiwanda kikubwa nyuma yake.

Mwaka 2008 mfanyabiashara mmoja wa Uingereza, Stuart Garner, ambaye awali alikuwa katika biashara ya fataki, alinunua haki za jina hilo kutoka kwa mmiliki wa Marekani. Alilirudisha nyumbani na kuanza kutengeneza pikipiki za Commando 961 karibu na uwanja wa mashindano wa Donington. Baadaye kiwanda kilihamia katika jumba la kifahari la Donington Hall.

Wapenzi wa pikipiki walifurahi. Wanasiasa walifika kupiga picha, na mwaka 2015 Serikali ya Uingereza ilitangaza ruzuku ya paundi milioni 4 kwa ajili ya kampuni hiyo na wale wanaoiuzia vipuri. Ikatangazwa pikipiki mpya aina ya V4 iliyouzwa paundi 44,000, zaidi ya Sh120 milioni, fedha ambazo Kyela zingenunua bodaboda za kuijaza stendi nzima. Walionunua walikuwa wakilipa advansi na kusubiri zamu.

Januari 29, 2020 kampuni iliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Wakati huo mamlaka ya mapato ya Uingereza ilikuwa imekwisha kuifikisha mahakamani kwa deni la kodi. Wapo wateja waliokuwa wamesubiri kwa miaka, na baadhi yao walikuwa wamelipa bei yote.

Advansi si faida

Ndugu msomaji, utajiuliza, kampuni yenye wateja wanaopanga foleni na fedha mkononi inafilisikaje? Swali hili ndilo linalowaangusha wafanyabiashara wengi wadogo. Tumezoea kuamini kwamba tatizo la biashara ni kukosa wateja, lakini zipo biashara zinazokufa huku daftari la oda limejaa.

Tuchukue mfano wa fundi seremala. Kitanda kimoja kinamgharimu Sh150,000 kwa mbao, misumari na vibarua, naye anakiuza Sh200,000. Amepata wateja kumi kwa mpigo, na kila mmoja ametanguliza Sh100,000. Fundi ana Sh1 milioni mkononi na anajiona amefaulu. Anaezeka nyumba, analipa ada za watoto, Sh700,000 zinakwisha.

Zinabaki Sh300,000, anatengeneza vitanda viwili. Wenye vitanda wanamalizia Sh200,000, anatengeneza cha tatu na kubakiwa na Sh50,000. Mwenye cha tatu analeta Sh100,000, anatengeneza cha nne. Wa nne naye anamalizia Sh100,000, na hapo fundi anakwama, kwa sababu kitanda kinahitaji Sh150,000. Wateja sita wanamdai vitanda, yaani advansi za Sh600,000, na mfukoni ana Sh100,000 tu.

Kosa lake ni nini? Faida ya vitanda vyote kumi ilikuwa Sh500,000, na hata hiyo angeipata baada ya kukabidhi kitanda cha mwisho. Yeye alitumia Sh700,000 kabla ya kupiga msumari wa kwanza. Sasa amebakiwa na njia mbili: kukiri, au kutafuta wateja wapya ili advansi zao zimalizie oda za wale wa zamani. Wengi huchagua njia ya pili. Shimo halizibwi, linasogezwa mbele na kupanuliwa.

Kutengeneza pikipiki ni kazi ya namna hiyo hiyo, ila kubwa zaidi. Vipuri hununuliwa mapema, mishahara hulipwa kila mwezi, na kodi haingoji. Injini mpya huchukua miaka kabla haijaleta senti moja. Biashara hiyo inataka mtaji wake yenyewe unaoweza kukaa muda mrefu bila kurudi, na Norton iliyofufuliwa haikuwa na mtaji wa kutosha wa aina hiyo.

Tofauti inaonekana vizuri kwa jirani yake, Triumph. Nayo ilifilisika, mwaka 1983, na jina lake likanunuliwa na mjenzi wa nyumba aitwaye John Bloor. Yeye hakukimbilia kuchukua advansi. Aliwapa wengine leseni ya kuendelea kutengeneza modeli ya zamani kwa idadi ndogo, huku akijenga kiwanda kipya kwa fedha zilizotokana hasa na biashara yake ya nyumba. Pikipiki zake mpya zilianza kutoka kiwandani Hinckley mwaka 1991, miaka minane baadaye. Triumph bado ipo. Majina yote mawili yalikuwa makubwa na yote mawili yalikuwa yamekufa. Kilichoyatofautisha ni fedha za nani zilizotumika kusubiri.

Akiba za uzeeni

Lililoumiza zaidi ni suala la pensheni. Katika mwaka 2012 na 2013, watu 227 walihamishia akiba zao za uzeeni katika mifuko mitatu iliyokuwa na uhusiano na Norton. Mdhamini wa mifuko hiyo, yaani mtu aliyekabidhiwa kulinda fedha hizo kwa niaba ya wenyewe, alikuwa ni Garner. Fedha hizo zikawekezwa katika hisa za kampuni ya Garner huyo huyo.

Sheria ya Uingereza hairuhusu mfuko wa pensheni kuweka zaidi ya asilimia 5 ya mali zake katika biashara ya mwajiri anayehusika na mfuko. Sababu yake hata mtoto anaielewa: biashara ikianguka, mfanyakazi asipoteze kazi na akiba siku moja. Juni 2020 msuluhishi wa migogoro ya pensheni wa Uingereza aliamua kwamba Garner arudishe takriban paundi milioni 14, zaidi ya Sh40 bilioni. Lakini amri ya kulipa si malipo, na Garner mwenyewe alikuwa amefilisika. Februari 2022 alikiri makosa matatu ya kukiuka kikomo hicho, na Machi mwaka huo mahakama ilimhukumu kifungo cha miezi minane kilichoahirishwa kwa miaka miwili.

Wenye akiba walisaidiwa baadaye na mfuko wa fidia ulioanzishwa kwa sheria za huko, baada ya miaka ya mahangaiko. Sisi tujiulize, chama chetu cha kuweka na kukopa kikifanyiwa hivyo, tutakimbilia mfuko gani?

Foleni ya mufilisi

Hapa nieleze jambo lililoikuta familia yetu. Miaka kadhaa iliyopita baba yangu mdogo, mkulima wa mpunga, alilipa nusu ya bei ya pawatila katika duka moja lililokuwa na jina kubwa katika mikoa ya kusini. Kalenda za duka hilo zilitundikwa karibu kila nyumba. Aliambiwa mashine yake ingefika baada ya wiki tatu. Wiki tatu zikawa miezi minne, kisha siku moja tukakuta mlango una kufuli na karatasi imebandikwa.

Tulichungulia dirishani. Pawatila zilikuwa ndani, tano au sita, zimepangwa na rangi inang'aa. Mlinzi akatuambia ni za benki, kwa sababu mwenye duka alikuwa ameziweka dhamana ya mkopo. Baba mdogo akatoa risiti yake mfukoni, ameihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni isilowe, akaniuliza: "Mwanangu, wewe umesomea mambo ya uchumi. Hii risiti inanunua nini?"

Sikuwa na jibu la kumfurahisha. Kampuni inapofilisika, mali zilizopo hugawanywa kwa foleni, na foleni hiyo haifuati nani alianza kulipa. Mbele wapo wenye dhamana, kwa kawaida mabenki, ambao huchukua kile kilichowekwa rehani. Hufuata gharama za msimamizi wa ufilisi, kisha mishahara na madai mengine ambayo sheria imeyapa kipaumbele. Mwisho kabisa ni wadai wasio na dhamana. Humo ndimo alimo mteja aliyelipa advansi na mwenye kuuza mali kwa mkopo. Foleni ikiwafikia, mara nyingi sahani imekwisha kulambwa.

Ndivyo ilivyokuwa Norton. TVS haikununua kampuni na madeni yake, ilinunua mali. Kisheria aliyenunua jina hakurithi ahadi za aliyekuwa nalo. Pikipiki ikaendelea kuitwa Norton, kiwanda kipya kikajengwa Solihull, lakini deni la mteja wa zamani likabaki katika kampuni iliyokufa.

Hapa kwetu pia yametokea. Maduka ya Uchumi ya Kenya yaliwekwa chini ya mufilisi mwaka 2006, yakafufuliwa kwa msaada wa Serikali ya huko, na mwaka 2011 hisa zake zikarudi katika soko la Nairobi. Wakafungua matawi Tanzania na Uganda. Watu waliliona jina limerudi, wakaamini ugonjwa umepona. Oktoba 2015 Uchumi ilifunga matawi yake yote ya Tanzania na Uganda, na waliokuwa wakiyauzia bidhaa kwa mkopo wakabaki na ankara mkononi.

Kakao, bodaboda na ushirika

Msomaji wa Mwaya au Ipinda anaweza kusema hayo ni ya wenye makampuni makubwa. Si kweli. Tutazame mambo matatu yaliyo mlangoni kwetu.

La kwanza ni bodaboda ya mkataba. Kijana anachukua pikipiki kwa tajiri, analeta hesabu kila siku, na baada ya mwaka mmoja au zaidi pikipiki inakuwa yake. Katika muda wote huo kadi ya pikipiki ina jina la tajiri. Ikiwa tajiri ameiweka dhamana benki na akashindwa kulipa, kijana aliyebakiza mwezi mmoja yuko mahali pale pale alipokuwa mteja wa Norton. Mkataba uandikwe, ushuhudiwe serikali ya mtaa au kwa mwanasheria, na kila hesabu iandikiwe sahihi. Kijana pia aulize bila aibu kama pikipiki hiyo ina mkopo.

La pili ni kakao. Chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, unaotokana na sheria ya mwaka 2005, mkulima anapopeleka kakao kavu kwenye chama chake cha msingi, mzigo unaingia ghalani na unabaki mali yake mpaka uuzwe mnadani. Stakabadhi inaonyesha uzito na mwenye mali. Wapo wanaoulalamikia mfumo huu kwa ucheleweshaji wa malipo, na malalamiko hayo yanastahili kusikilizwa. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kumiliki mzigo ulioko ghalani na kumdai mtu aliyekwisha kuondoka nao kwa ahadi ya "nitakutumia kwenye simu".

Ununuzi wa kakao mbichi, ambao wenyeji huuita njemke, ni upande wa pili wa mambo haya. Hapo mkulima ndiye anayepokea fedha mapema, naye hulipia haraka yake kwa bei ya chini. Mwaka 2024 bei ya kakao katika soko la dunia ilivuka dola 10,000 kwa tani kwa mara ya kwanza. Aliyekuwa amekwisha kuuza matunda yakiwa bado mtini aliisikia bei hiyo redioni tu. Mwaka uliofuata bei ilishuka sana, na aliyekopa akitegemea ingebaki juu naye akajikuta matatani. Bei ya leo si mshahara, isipangiwe deni la miaka mitatu.

La tatu ni vyama vyetu vya ushirika na vya kuweka na kukopa. Swali la Norton liulizwe katika kila mkutano mkuu: anayelinda fedha zetu ndiye anayezikopa? Mwenyekiti, katibu na wajumbe wa bodi wana mikopo kiasi gani, na wanarejesha? Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inataka hesabu zikaguliwe. Ripoti ya mkaguzi, iwe ya COASCO au mwingine aliyeidhinishwa, isomwe mbele ya wanachama kwa lugha wanayoielewa. Mkutano wa kula wali na kupiga makofi hautoshi.

Kabla hujatoa advansi

Tunashauri mambo machache ambayo hayahitaji elimu ya chuo kikuu.

Lipa kidogo kabla, lipa kikubwa baada ya kukabidhiwa. Muuzaji akitaka bei yote kabla ya mali kufika, jua kwamba anataka umkopeshe mtaji, na mkopeshaji ana haki ya kuuliza dhamana.

Ikiwa mali ipo tayari, iandikwe jina lako siku hiyo hiyo. Namba ya injini na ya fremu ziandikwe kwenye risiti. Risiti inayosema tu "malipo ya pawatila" haina mali ndani yake.

Hakikisha kampuni imesajiliwa BRELA na jina lililo kwenye risiti ndilo lililosajiliwa. Fedha isiingie kwenye simu ya mtu binafsi wakati unanunua kwa kampuni.

Mwenye kuuza kwa mkopo aweke kikomo. Mteja mmoja asishike zaidi ya kile unachoweza kukipoteza na duka likafunguliwa kesho. Akianza kuchelewa kulipa huku akiagiza mzigo mkubwa zaidi, hiyo si dalili ya biashara kukua.

Na wewe unayepokea advansi, iweke kando. Fungua akaunti au laini ya simu ya pili kwa ajili ya fedha za oda tu. Faida uihesabu siku ya kukabidhi, si siku ya kupokea.

Wafinyanzi wa Kikisi wanaoleta vyungu vyao Matema hawajasoma uhasibu, lakini biashara yao ni ya mkono kwa mkono. Chungu kipo mbele yako, unakigonga usikie mlio, unalipa, unaondoka nacho. Hatuwezi kuuza pawatila na kakao yote kwa namna hiyo, kwani biashara kubwa haiendi bila kuaminiana. Ila tuige kule kugonga chungu kabla ya kutoa fedha.

Baba mdogo hakulipwa hata shilingi. Misimu miwili alilima kwa kukodi mashine za wenzake, wa tatu akaungana na jirani zake watatu wakanunua pawatila moja. Hawakulipa hata senti mpaka ilipoteremshwa kwenye lori na kuwashwa mbele yao, na namba ya injini ikaandikwa kwenye risiti yenye majina yote manne. Ile risiti ya zamani bado anayo, katika mfuko ule ule wa nailoni. Kijana yeyote wa ukoo anayetaka kutoa advansi ya kitu huitwa kwanza nyumbani kwake, akaisome.